Unga wa yanga tuliudharau bure?

Wadau, wiki hii nipo Endamarariek, Karatu, kwenye mashamba ya mahindi na mbaazi, nikaikumbuka hadithi ya unga wa yanga.

Sisi vijana hatukuuonja. Ukame wa 1973 na 1974 ulitukuta watu wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Chakula kikapungua, serikali ikaagiza mahindi nje. Ya Marekani yalikuwa ya njano, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 njaa iliporudi, nayo yakarudi. Unga wake ukaitwa yanga, kwa rangi ya jezi za Yanga. Watu wakasema ni chakula cha mifugo, hakina lishe.

Kweli, Marekani hulishia mifugo mahindi hayo. Lakini wanga na protini yake havipishani sana na vya mahindi meupe. Tena ule unjano una karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A inayolinda macho. Hupungua mahindi yakikaa sana ghalani, ila mahindi meupe karibu hayana kabisa. Mtoto anayeshindia ugali mweupe bila mboga za majani, maembe wala mapapai, vitamini hiyo ataipata wapi?

Na sembe letu jeupe? Tunakoboa, tunaondoa pumba na kiini, penye mafuta, madini na vitamini B. Dona huvibakiza. Halafu pumba tunawapa ng'ombe.

Sasa niambieni wadau, kati yetu na ng'ombe, nani anakula vizuri?