Saluni na SUV: Ni gari lipi lenye nafasi na viti vya starehe?

Kwa familia nyingi za Waswahili wanaoishi Muscat, Dubai, London au Minneapolis, suala la gari huamuliwa mapema. Watoto wakizidi wawili, au mzazi akitarajiwa kuja kutoka nyumbani, saluni huuzwa na SUV hununuliwa. Sababu inayotolewa ni nafasi. Lakini ukubwa wa gari kwa nje si ushahidi wa nafasi iliyomo ndani, wala kiti kilicho juu si lazima kiwe kiti cha starehe. Makala hii inaeleza tofauti za aina hizo mbili kwa upande wa abiria, hasa wale wa nyuma, ambao kwa kawaida hawashirikishwi katika ununuzi.

Tofauti ya maumbo

Saluni, au gari la chini kama wengi wanavyoliita, ina sehemu tatu zilizotengana: injini mbele, abiria katikati na buti nyuma. Katika SUV, yaani gari la juu, abiria na mizigo hukaa katika chumba kimoja chini ya paa moja.

SUV zenyewe ni za namna mbili. Kuna zile ambazo bodi yake huwekwa juu ya chesisi inayojitegemea, kama ilivyo kwa malori. Toyota Land Cruiser kubwa ni mfano wake. Na kuna zile ambazo bodi na chesisi ni kitu kimoja, kama ilivyo kwa saluni. Toyota RAV4, iliyoingia sokoni mwaka 1994, ni miongoni mwa magari yaliyoueneza mtindo huo. Kwa abiria, tofauti hii ina uzito kuliko jina lililobandikwa nyuma ya gari.

Vipimo rasmi

Nchini Marekani, Shirika la Kulinda Mazingira, EPA, huyagawa magari ya saluni kwa ujazo wa ndani. Saluni yenye futi za ujazo 110 hadi pungufu kidogo ya 120, kwa abiria na buti pamoja, huitwa ya kati. Ikifika 120 huitwa kubwa. SUV hazipimwi hivyo. Hugawanywa kwa uzito. Kwa hiyo SUV ikiitwa kubwa katika orodha hiyo, kinachozungumziwa ni uzito wake, wala si nafasi ya magoti ya abiria.

Nafasi ya miguu

Tuchukue magari matatu ya Toyota yaliyouzwa Marekani mwaka 2019: Camry ambayo ni saluni, RAV4, na Land Cruiser ya toleo la 200. Camry ina urefu wa mita 4.88, RAV4 mita 4.60 na Land Cruiser mita 4.95.

Katika safu ya pili, nafasi ya miguu ya Camry ni inchi 38.0, sawa na sentimita 96.5. RAV4 ina inchi 37.8, na Land Cruiser, iliyo ndefu kuliko zote, ina inchi 34.4 tu, ambazo ni kama sentimita 87. Kwa kuwa mtengenezaji anaweza kuipunja safu moja ili kuipamba nyingine, ni haki kujumlisha safu mbili za kwanza. Hata hivyo mpangilio haubadiliki: Camry inchi 80.1, RAV4 78.8, Land Cruiser 77.3.

Sababu yake haina siri. Injini kubwa ya Land Cruiser imelazwa kwa urefu na kumeza sehemu ya mbele, na nyuma yake kuna safu ya tatu inayodai fungu lake. Injini ya Camry imewekwa kwa upana, na urefu uliookolewa wamepewa abiria. RAV4 nayo ni fupi kuliko Camry kwa sentimita 28, lakini haikupoteza mengi, kwa sababu abiria wake huketi wima zaidi, kama mtu aliye kwenye kiti cha mezani.

Si kila saluni iliyo kama Camry. Zile zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa mfano Toyota Mark II iliyojaa katika barabara za Afrika Mashariki, zina nundu katikati ya sakafu inapopita propela, na abiria wa kati hukosa mahali pa kuweka miguu.

Kichwa na mabega

Kwa nafasi ya kichwa SUV hushinda. Safu ya nyuma ya RAV4 inaizidi Camry kwa inchi 1.5, yaani karibu sentimita 4. Mtu mrefu, au mwenye kilemba, huiona faida hiyo mara moja.

Upana ni habari nyingine. Penye mabega, safu ya nyuma ya Camry ina sentimita 141 na RAV4 sentimita 143. Nchini Uingereza sheria inamtaka mtoto atumie kiti maalumu mpaka atimize miaka 12 au kimo cha sentimita 135, kinachotangulia. Viti vitatu vyenye upana wa sentimita 47 kila kimoja huzimaliza sentimita 141. Anayenunua SUV ndogo ili aweke viti vitatu vya watoto sambamba anaweza kukuta tatizo alilolikimbia linamngoja.

Kupanda na kushuka

Mama yangu alikuja kunitembelea ugenini mara moja, kwa kuwa mimi sikuweza kwenda kwetu. Nilikodi gari la juu la viti saba, nikitaka apande kwa heshima. Pale uwanja wa ndege alikitazama kiti kilichompita kiuno, akaniuliza: "Mwanangu, hili gari au ngazi ya darini?" Tulimpandisha watu wawili. Siku ya pili jirani alitupa saluni yake. Kuingia alijitupa mwenyewe. Kutoka, magoti yalikataa. Katika wiki tatu alizokaa nasi, mara nyingi alichagua kubaki nyumbani.

Kiti cha saluni kikiwa chini mno humlazimu mzee kukunja magoti na nyonga, kisha kuuinua mwili wote kwa nguvu za mapaja. Gari la juu mno humtaka apande kabla ya kuketi. Kiti kinachofaa ni kile kinachofika karibu na nyonga, ambapo mtu hutanguliza makalio, kisha huingiza miguu. SUV ndogo nyingi hukaribia kimo hicho. Magari makubwa ya chesisi huhitaji ngazi ya pembeni na mshikio imara.

Starehe ya kiti

Kiti hupumzisha kinapoyabeba mapaja karibu mpaka magotini, na egemeo linapoujaza mgongo wa chini. Sakafu ikiwa juu na kiti kikiwa chini, magoti hupanda na uzito wote huangukia makalio. Hali hiyo ni ya kawaida katika safu ya tatu. Katika Land Cruiser 200 safu hiyo ina nafasi ya miguu ya inchi 28.3 tu. Watoto huivumilia, mtu mzima anayetoka Muscat kwenda Salalah, safari ya kilomita 1,000 hivi, atashuka akiwa hoi.

Mwili wa binadamu aliyeketi husumbuliwa zaidi na mitikisiko ya kupanda na kushuka mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Chesisi nzito na ekseli ya nyuma isiyogawanyika huongeza mitikisiko hiyo katika lami iliyochakaa. Aidha, kadiri abiria anavyokaa juu ndivyo kichwa chake kinavyoyumba kwenye kona. Saluni hutulia zaidi, na buti lililotengwa huzuia sehemu ya kelele za magurudumu.

Mizigo

Buti la Camry lina lita 428. RAV4 ina takriban lita 1,060 nyuma ya safu ya pili, lakini hesabu hiyo hufika mpaka darini. Masanduku yakipangwa juu ya usawa wa viti bila wavu, breki za ghafla huyarusha kwa abiria.

Kabla ya kununua

Nenda na watu watakaolipanda gari hilo. Rekebisha kiti cha dereva kwa kimo chako, kisha keti nyuma yake kwa dakika 20. Fungisha viti vya watoto vyote kwa pamoja. Simamisha safu ya tatu, uone mizigo mingapi inabaki. Na kama yumo mzee, mwache apande na kushuka mara mbili bila kushikwa mkono, kisha umsikilize yeye kabla ya muuzaji.