Kompyuta: Kwa nini mtumiaji asipewe mamlaka yote

Mwaka 1975, wanasayansi wa kompyuta Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa chuo cha MIT nchini Marekani walieleza kanuni ambayo hadi leo ni nguzo ya usalama wa kompyuta: kila programu na kila mtumiaji apewe mamlaka yasiyozidi mahitaji ya kazi yake.

Lengo ni kuyawekea madhara mpaka. Kwa kawaida, programu hufanya kazi kwa mamlaka ya mtu aliyeifungua. Karani anayetumia akaunti ya msimamizi akifungua waraka wenye virusi, virusi hivyo vinaweza kuzima ulinzi na kubadili mipangilio ya mfumo endeshi. Akitumia akaunti ya kawaida, milango hiyo hubaki imefungwa, isipokuwa mfumo wenyewe uwe na kasoro.

Majumbani, kanuni hiyo ilichelewa kufuatwa. Katika Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, watumiaji wengi wa nyumbani walikuwa wasimamizi bila kujua. Windows Vista, iliyoingia madukani mwaka 2007, ilianza kuomba idhini kabla ya kubadili mipangilio nyeti. Katika Linux, amri ya sudo humwezesha mtumiaji aliyeruhusiwa kutekeleza kazi moja kwa mamlaka ya msimamizi.

Hata hivyo, akaunti ya kawaida hailindi kila kitu. Virusi bado vinaweza kuharibu faili zote ambazo mtumiaji mwenyewe ana ruhusa ya kuzibadili. Ndiyo maana nakala za akiba, zilizohifadhiwa nje ya kompyuta, hubaki kuwa jambo la lazima.