Historia ya Fowili Iko Chini ya Gari

Wasee, wengi wetu tulifunzwa kwamba historia ni magavana, vita na tarehe za kukariri usiku wa mtihani. Mimi nasema hivi: ingia chini ya pickup ya kitambo yenye fowili, ile ambayo injini inazungusha magurudumu yote manne, na utasoma miaka karibu themanini ukiwa umeshika spana. Kila kifaa pale kiliwekwa kwa sababu kuna mtu alikwama mbali na kwao. Na ukijua kwa nini kiliwekwa, kikiharibika unajua uanze kutafuta wapi.

Hii si stori ya wapenda magari pekee. Huku kwetu Matungu mvua ya Aprili ikishika, barabara za ndani zilizopitiwa na trakta za miwa zinabaki mitaro mitupu. Bodaboda zinateleza, Probox inalala kwa tumbo. Mama akishikwa na uchungu usiku huko ndani Namamali ama Kholera, kitu cha kumfikisha lami mara nyingi ni pickup ya jirani, na hiyo pickup ina umri kunishinda. Fowili ikikataa hapo, hakuna mtu anauliza nani ana digrii. Swali ni moja tu: nani anajua shida iko wapi?

Sasa turudi nyuma. Kwenye Vita Kuu ya Pili, Marekani ilitengeneza Jeep zaidi ya 600,000. Vita vilipoisha, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na Jeep moja shambani kwake Anglesey, Wales. Akaanza kujiuliza: hii ikichoka, nitanunua nini? Jibu lake likawa Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Chuma kilikuwa adimu, kwa hivyo bodi ikawa ya alumini. Bati likawa la kunyooka, bila mikunjo ya urembo. Haikuundwa iwe maridadi. Iliundwa imhudumie mkulima aliye mbali na gereji.

Kenya ilizipokea mapema. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952, polisi na maafisa wa utawala walizunguka nazo. Uhuru ulipokuja 1963 bendera ilibadilika, lakini DO bado alikuja na Landi. Wazee wetu husimulia vile mlio wake ulitosha kumfanya mpika chang'aa amwage biashara yake yote. Kwa hivyo tusidanganyane: fowili haikuletwa kijijini kutuokoa. Ilikuja kwanza kama mkono mrefu wa serikali, kufika pale ambapo barabara ilikuwa imeishia. Baadaye, mwaka wa 1974, Leyland Kenya ikaanzishwa Thika, na Land Rover zikawa zinaunganishwa hapa nyumbani. Zile za serikali zikichakaa, zikapigwa mnada. Hapo ndipo mwananchi wa kawaida akapata fowili: kuukuu, bila kitabu cha maelezo, na spea ni za kutafuta. Elimu yote iliyobaki ikabidi itengenezwe upya na mafundi.

Fundi mmoja wa Koyonzo, sisi vijana tunamwita Kuka, ndiye alinionyesha hii historia kwa mkono. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kwa hii miaka miwili ya kumrekodi na simu nimesoma kwake kuliko vile nilisoma lekcha. Sheria yake ya kwanza: "Usifungue kitu kabla hujauliza nguvu imefika wapi." Nguvu inatoka kwa injini, inaingia giaboksi, halafu inaingia transfa, kile kisanduku kinachoigawa mbele na nyuma. Kutoka hapo inafuata propela, inaingia difu, inapita hafu shafti, inamalizikia kwa gurudumu. Ni kama mtaro wa maji. Unatembea nao hadi pale maji yamekatika.

Chukua transfa. Kwenye Land Rover za kitambo, kifundo cha manjano ukikisukuma chini kinaunganisha magurudumu ya mbele, na ile gia nyekundu inakupa mwendo mzito wa kupanda. Ukishaunganisha, mbele na nyuma zimefungwa pamoja, lazima zizunguke sawa. Kwenye matope si shida, gurudumu likizidiwa linateleza kidogo. Kwenye lami ni noma. Ukikata kona, magurudumu ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma, hayana pa kuteleza, na shafti zinaanza kujikaza kama kamba ya kukamua nguo. Ukifika unapotaka kuitoa, fowili imekataa kutoka. Madereva wengi hapo wanaivuta kwa hasira hadi waipinde. Kuka anamwambia mtu arudi nyuma mita chache akiwa amenyoosha usukani. Kamba inalegea, gia inatoka yenyewe. Bei ni sufuri.

Kifaa cha pili kinatoka Marekani, mwaka huohuo wa 1948. Watu walikuwa wamenunua Jeep za jeshi kwa wingi, na hata ukiendesha bila fowili, shafti za mbele zilizunguka bure, zikila mafuta na kujila zenyewe. Arthur Warn wa Seattle akatengeneza habu unazozungusha kwa mkono: ukizifunga, gurudumu linashikana na shafti, ukizifungua, gurudumu linaenda peke yake. Ndizo zile zilizoandikwa LOCK na FREE kwenye Land Cruiser na Hilux nyingi za kitambo. Na ndizo chanzo cha aibu nyingi barabarani. Dereva ameweka gia ya fowili, mbele hakuvuti, anaanza kusema difu imekufa. Kumbe habu moja iko FREE. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kule kulikolegea, kwa hivyo habu moja ikiwa wazi inatosha kuua mbele yote.

Hapa ndipo lile swali la Kuka linasaidia. Weka fowili, mwambie mtu asimame kando, mbali kidogo, aangalie propela ya mbele gari likijaribu kusonga. Propela inazunguka lakini magurudumu ya mbele yamelala? Shida iko mbele yake: habu, hafu shafti ama difu. Propela yenyewe haizunguki? Shida iko nyuma yake: transfa ama vyuma vinavyoivuta. Kwa dakika moja umeondoa nusu ya gari kwenye kesi.

Halafu kuna hafu shafti, ugonjwa maarufu wa Land Rover za zamani. Ya nyuma ikikatika, gari linanguruma na haliendi. Lakini kwa sababu uzito wa gari umebebwa na habu na beringi zake, wala si shafti, gurudumu halidondoki. Fundi anafungua, anatoa vipande, anaweka fowili, na mbele inakuvuta pole pole hadi nyumbani. Baadaye Rover ikaleta magari yanayotumia magurudumu manne muda wote, kama Range Rover ya 1970 na Land Rover 110 ya 1983, yenye difu ya tatu katikati ili yasijikaze kwenye lami. Hayo shafti moja ikikatika, nguvu yote inamwagikia hapo na gari halisongi hata inchi. Mtu asiyejua ataitisha gari la kuvuta. Anayejua anafunga ile difu ya katikati na kuondoka.

Kama unadhani ufundi wa kisasa hushinda kila mahali, uliza Safari Rally. Audi Quattro ilitoka 1980 na kubadilisha mbio za dunia. Lakini 1984, 1985 na 1986 Safari ilichukuliwa na Toyota Celica inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Fowili ilisubiri hadi 1987, Hannu Mikkola aliposhinda na Audi 200 Quattro. Kwenye barabara zetu, kilomita nyingi mbali na karakana, gari linalofika lilishinda gari lenye maajabu mengi.

Na maajabu yaliendelea. Hilux na Prado kadhaa za miaka ya 1990 huunganisha magurudumu ya mbele kwa kuvuta hewa kupitia vipaipu vya mpira. Mpira unakauka, unapasuka, taa ya fowili inamemeza bila kutulia, na mteja anaambiwa anunue difu nzima. Nimeona hiyo ikitendeka mjini, na nimeona Kuka akiitibu na kipande cha paipu. Magari mapya nayo yanahitaji kompyuta ili yaseme yanaumwa wapi. Sipingi kompyuta. Napinga kununua kompyuta huku tukiwaacha wazee wanaojua njia ya nguvu wazikwe na hiyo elimu.

Maoni yangu ni haya. Kiwanda cha sukari Mumias kilifungua milango 1973, na kilipoyumba hadi kuwekwa chini ya mrasimu 2019, tulihesabu kazi na miwa iliyopotea. Hatukuhesabu maarifa ya watu walioweka trakta na malori yakitembea kwenye matope miaka yote hiyo. Wengi wao bado wako hai, wamekaa chini ya miembe, na hakuna anayewauliza kitu.

Mbogi yangu, simu mnazo. Wiki hii tafuta fundi mmoja mzee wa mtaa wako, mpelekee chai na mandazi, muulize gari gani lilimsumbua zaidi na alijuaje shida iko wapi. Rekodi. Na kama nyumbani kwenu kuna pickup ya fowili, kabla mvua haijaanza, shuka uangalie habu zote mbili zinageuka hadi LOCK. Usingoje kujifunza hiyo saa nane usiku na mgonjwa nyuma.