Sungusungu wa Bariadi na daftari la zamu la babu

Nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa nyumbani Bariadi kwa likizo ya wiki moja, na kijijini kwetu ukitaka mtandao unapanda juu ya kichuguu na kuinua simu kama unaomba mvua.

Nimerudi na kisa. Rafiki yangu mmoja tuliyekuwa naye chuo, yeye akisoma kompyuta na mimi uandishi wa habari, anaishi Bariadi mjini. Mtaani kwao wana kikundi cha ulinzi cha kujitolea, vijana wanaopokezana usiku. Jamaa kawatengenezea programu ya kupanga zamu. Unaingiza majina, yenyewe inapanga nani alinde Jumatatu na nani Jumanne, na mtu akiumwa inamtafuta wa kumshikia. Kila mmoja anaiona zamu yake kwenye simu. Kinachomfurahisha zaidi ni kwamba programu yote inakaa kwenye kompyuta kuukuu chumbani kwake. Hakuna kampuni ya ng'ambo inayotunza majina yao, wala ada ya kila mwezi. "Orodha ni yetu na inakaa kwetu," aliniambia huku kifua mbele.

Nikacheka. Nikamwambia babu yangu alikuwa na kitu hicho hicho mwaka 1983, tena hakikuhitaji umeme.

Wakati huo hakukuwa na Mkoa wa Simiyu. Huu umezaliwa 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zote zilikuwa Shinyanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Usukumani kulikuwa hakulaliki. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimemalizika lakini bunduki zilizagaa, uchumi ulikuwa taabani, na wezi wa ng'ombe waliingia bomani kama wanaingia kwao. Polisi walikuwa wachache, magari hakuna, na watu waliamini kwamba mwizi ukimpeleka kituoni Jumatatu, Jumatano unamkuta kilabuni anakunywa. Serikali nayo ilikuwa na kidonda chake. Mwaka 1976 watuhumiwa wa mauaji huko Mwanza na Shinyanga waliteswa na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola, hadi Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu 1977.

Ndipo mwaka 1981 na 1982, upande wa Kahama na Nzega, wanavijiji wakaamua kujilinda wenyewe kwa pinde, mishale na filimbi. Wakaitwa sungusungu, wale wadudu weusi wanaokwenda kwa msururu na ukimkanyaga mmoja wanakupanda wote. Wenyewe kwa wenyewe walipenda zaidi kujiita basalama, watu wa amani. Haikuchukua muda wakawa wameenea Shinyanga yote, Tabora na Mwanza, bila mshahara wala sare ya serikali.

Watu wa mjini huwa wanashangaa iliwezekanaje. Mimi sishangai. Wasukuma walikuwa wanapokezana kazi tangu zamani, vijana wakilima kwa vikundi chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, leo shamba la huyu na kesho la yule, ngoma ikilia. Utemi ulifutwa kisheria 1963 lakini haukufutika vichwani. Ndiyo maana mkuu wa sungusungu aliitwa ntemi, na chini yake wakawepo makamanda na katibu.

Katibu wa kijijini kwetu alikuwa babu, kwa sababu moja tu: alikuwa na mwandiko mzuri. Kazi yake ilikuwa kaunta buku. Bado analo, limefungwa kwa kamba ya mkonge na linanuka moshi. Nimelisoma siku mbili mfululizo, na nawaambia wadau, kuna akili mle ndani.

Zamu zilipangwa kwa nyumba kumi, kila balozi akitoa watu wake usiku wake. Ndugu wa boma moja hawakupangwa usiku mmoja, ili boma lisibaki bila mwanaume. Usiku wa mbalamwezi walinzi walikuwa wachache, usiku wa giza waliongezwa, kwa hiyo pembeni mwa kila ukurasa babu alichora mwezi. Waliongezwa pia baada ya pamba kuuzwa, maana hapo kila nyumba ilikuwa na hela chini ya godoro na kila mwizi alijua. Ukitaka kubadilishana zamu ulitafuta mwenyewe wa kukushikia, mkaenda wote wawili kwa katibu kabla ya jua kuzama. Ukikosa bila sababu, unalipa faini. Ukirudia, unatengwa: hakuna anayekusalimu, hakuna anayekupa moto, ukifiwa unachimba kaburi peke yako. Rafiki yangu alipoyasikia hayo ya mwezi alinyamaza, kisha akaandika kitu kwenye simu yake. Najua anakwenda kukiingiza kwenye programu yake.

Haya, nisiwapambe sana. Polisi na mahakama hawakuwapenda sungusungu, na baadhi yao walishtakiwa kwa kupiga na kuua. Uongozi wa juu wa CCM, Mwalimu Nyerere akiwemo, uliwaona kama wananchi wanaojitetea. Mvutano ukaenda hadi 1989, sheria ya mgambo iliporekebishwa na sungusungu wakapewa nguvu ya kukamata. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Augustine Mrema, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akawahimiza mpaka mijini. Baadaye ikaja polisi jamii na ulinzi shirikishi. Hata Wakuria wa Kenya waliiga mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990.

Ila kijijini kwetu babu anasema mambo yaliharibika siku daftari lilipohamia ofisini. Mtendaji mmoja alilitaka "kwa ajili ya kumbukumbu". Tangu hapo aliyekosa zamu alilipa pale ofisini, na haikupita muda ikawa ukilipa mapema huna haja ya kulinda. Wenye ng'ombe wengi wakalipa. Wasio na kitu wakabaki kulinda ng'ombe za wenye nazo. Nao wakachoka. Babu alianzisha daftari la pili, la siri, lakini watu walikuwa wameshavunjika moyo.

Lile la kwanza alikuja kulipata miaka mingi baadaye, likiwa limetupwa kwenye rundo la makaratasi. Ndilo nililosoma. Na ndani yake nikaona ukurasa mmoja umechanwa, katikati ya msimu wa pamba.

Nilimuuliza. Akachelewa kujibu. Mnajua sifa yetu, wadau. Wilaya yenye Gamboshi hamuachi kuitania kwa uchawi, lakini nyuma ya utani huo kuna bibi vizee waliokufa kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni. Sungusungu hawakuwinda wezi peke yao. Usiku ule bibi mmoja jirani alitolewa nyumbani kwake na kuchomewa nyumba, akafukuzwa kijijini, na hakuonekana tena. Walinzi wa zamu walijulikana kwa majina, kwa mwandiko mzuri wa babu. Mmoja alikuwa baba yangu mkubwa. Polisi walipokuja kuuliza, ukurasa haukuwepo.

"Niliuchana mwenyewe," babu aliniambia. "Walikuja wanne usiku, wakasimama mlangoni hapo ulipokaa. Hawakusema neno."

Mimi kazi yangu ni kuuliza maswali, lakini hapo sikuwa na la pili.

Siku ya kuondoka nilimchukua rafiki yangu akamsalimie mzee. Akamweleza programu yake yote, jinsi inavyotunza nani alikuwa lindoni tarehe ipi, na kwamba ameweka kitufe cha kufuta kumbukumbu za zamani ila hajaamua kama akiache au akiondoe. Babu alisikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye shavu.

"Mjukuu wangu, nani mwingine anaweza kuifungua hiyo kompyuta?"

"Mimi peke yangu, babu."

"Basi tafuta wa pili," babu akasema. "Na asiwe ndugu yako."