Televisheni ya Doha na Maasi ya Waarabu, 2011

Natumaini kila kikundi kimekwisha kukaa, na ramani ya Afrika ya Kaskazini iko mbele yenu.

Zamani katika nchi nyingi za Waarabu habari zilikuwa mali ya serikali. Kila jioni mtu alimwona rais akipokea wageni, rais akifungua daraja, na habari zikaisha. Tarehe 1 Novemba 1996 stesheni mpya, jina lake Al Jazeera, ilianza kazi mjini Doha, katika nchi ndogo ya Qatar. Fedha zilitoka kwa Amiri wa Qatar. Picha zake zilipita katika setilaiti, yaani chombo kilicho juu sana angani, ambacho hupokea picha kutoka nchi moja na kuzishusha juu ya nchi nyingi. Mwenye dishi darini kwake alizipata, wala hapakuwa na askari wa forodha wa kuzizuia mpakani.

Basi tazameni Tunisia. Tarehe 17 Desemba 2010, katika mji wa Sidi Bouzid, kijana mchuuzi wa matunda, Mohamed Bouazizi, alinyang'anywa bidhaa zake na watu wa serikali. Akaenda kulalamika, asisikilizwe. Akajitia moto mbele ya ofisi ya mkoa. Watu wakaandamana. Al Jazeera haikuwa na ruhusa ya kuweka ofisi huko. Je, picha zilitoka wapi? Wenyeji walizipiga wenyewe kwa simu za mkononi, wakazitia katika intaneti, na Doha ikazichukua na kuzitangaza. Hapo ndipo penye jambo kubwa. Mama asiye na intaneti, hata asiyejua kusoma, alikaa nyumbani akaona yaliyotokea mji wa pili. Tarehe 14 Januari 2011 Rais Ben Ali alikimbilia Saudia.

Huko Misri maandamano yalianza tarehe 25 Januari. Serikali ikakata intaneti, kisha tarehe 30 ikaamuru ofisi ya Al Jazeera mjini Cairo ifungwe. Stesheni nyingine za Kiarabu zikaiazima njia zao za hewani, na picha za uwanja wa Tahrir zikaendelea kuonekana. Tarehe 11 Februari Husni Mubarak, aliyetawala karibu miaka 30, aliondoka.

Msidhani kwamba televisheni peke yake ilimwangusha. Vijana hawakuwa na kazi, polisi walipiga watu, na mwishowe jeshi halikumtetea. (Wazee watakumbuka kwamba Cairo yenyewe, tangu 1953, ilikuwa na redio ya Sauti ya Waarabu iliyowachochea watu dhidi ya wakoloni.)

Tena kuna Bahrain, jirani ya Qatar. Watu waliandamana huko tangu tarehe 14 Februari 2011. Lakini Qatar na mfalme wa Bahrain walikuwa katika umoja mmoja wa nchi za Ghuba. Mwezi wa Machi askari wa Saudia walivuka daraja la baharini wakaingia Bahrain, na waandamanaji waliofungua Al Jazeera ya Kiarabu walikuta habari za Libya nyingi kuliko zao wenyewe.