Yahya na Yohana: Mtu Mmoja, Hoja Mbili

Aghalabu mhakiki anayekutana na jina Yahya katika utenzi wa pwani hutosheka kueleza kwamba huyo ndiye Yohana Mbatizaji wa Wakristo. Utambulisho huo ni sahihi kwa upande wa mtu, lakini haukidhi haja ya uhakiki, maadamu jina lenyewe ni sehemu ya masimulizi.

Chimbuko la Yohana ni jina la Kiebrania, Yohanan, lenye maana kwamba Mungu ameneemesha. Kupitia Kigiriki, lilienea hadi likawa Juan kwa Wahispania, Ivan kwa Warusi na John kwa Waingereza. Afrika nayo haikuwangoja wamisionari wa karne ya 19. Kanisa la Ethiopia lilikuwapo tangu karne ya 4, na Yohannes wa Nne, aliyefia vitani mwaka 1889, alitawala kwa jina ambalo nchi yake ilikuwa nalo kitambo. Mombasa, kwa sadfa, ilipokea wamisionari wawili wenye jina hilohilo: Johann Ludwig Krapf mwaka 1844 na Johannes Rebmann mwaka 1846. Tafsiri ya Muungano ya Biblia, iliyokamilika mwaka 1952, inatumia Yohana.

Isidhaniwe kwamba tofauti hii ni ya lugha tu. Waarabu Wakristo husema Yuhanna ilhali Waarabu Waislamu husema Yahya. Lugha ni moja, majina ni mawili. Isitoshe, Tafsiri hiyo ya Muungano ina Ibrahimu, Musa, Daudi na Mariamu, majina ambayo Mwislamu wa Lamu huyatambua bila kuelezwa. Kinachowatenga Yahya na Yohana ni matini zinazowasimulia.

Katika sura ya kwanza ya Injili ya Luka, jamaa wanataka mtoto aitwe Zakaria kama babaye, na wanapinga kwamba hakuna katika ukoo aitwaye Yohana. Msomaji wa jamii kama ya Wakikuyu, ambamo mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, ataona mara moja uzito wa pingamizi hilo. Katika sura ya 19 ya Kurani, jamaa hawana sauti katika suala la jina. Zakaria anabashiriwa mwana aitwaye Yahya, na kuelezwa kwamba hakuna aliyepewa jina hilo kabla yake. Aidha, wafasiri wengi hulihusisha jina hilo na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuishi.

Ni bayana, basi, kwamba upya wa jina ni hoja katika matini zote mbili, ila mipaka yake si mimoja. Kwa Luka, upya huo unakatiza desturi ya ukoo. Katika Kurani, unavuka ukoo na kuwahusu wanadamu wote waliotangulia. Mhakiki anayeligeuza Yahya kuwa Yohana humhifadhi mtu, lakini huipoteza hoja ambayo mtunzi wa utenzi aliirithi pamoja na jina.