Faili la Mswahili

Kigobe, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, unajulikana zaidi kwa ukumbi wa Bunge la Taifa la Burundi. Humo, Novemba 2008, wabunge walipitisha kanuni mpya ya adhabu, na Rais Pierre Nkurunziza akaitia saini tarehe 22 Aprili 2009. Kelele zote zilihusu kufutwa kwa adhabu ya kifo, utesaji kutambuliwa kuwa jinai, na kifungu kilichoharamisha mapenzi ya jinsia moja. Vifungu vya ugaidi vilipita bila zogo: kifungo cha miaka 10 hadi 20, au cha maisha iwapo mtu ameuawa. Kosa lililotajwa humo lilikuwa kitendo, si dini ya mtu.

Askari wa doria, hata hivyo, hatembei na kanuni ya adhabu mfukoni. Anatembea na alichofundishwa: nani asimamishwe, begi la nani lifunguliwe, nani apite na salamu zake. Na katika mji huu, somo la kumtilia shaka Mwislamu lina umri mkubwa kuliko Bunge lenyewe.

Aliyefungua faili ni Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mfanyabiashara aliyeitwa Rumaliza. Akiwa na ngome yake Ujiji, alijaribu mara kadhaa kuivamia Burundi kutokea ziwani katika miaka ya 1880 na 1890, na watu wa Mwami Mwezi Gisabo wakamzuia. Biashara ya watumwa ilikuwa kweli, na vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika viliumia. Lakini Kadinali Lavigerie, mwasisi wa shirika la Mapadri Weupe, alipoanzisha kampeni yake ya kupinga utumwa mwaka 1888, picha iliyobaki vichwani mwa Wazungu ilikuwa pana kuliko Rumaliza. Kila mwenye kanzu akawa Mwarabu, na kila Mwarabu mteka watu.

Wajerumani walipojenga boma lao Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, mwishoni mwa karne ya 19, walikuja na kioja. Bunduki zao zilibebwa na askari ambao wengi wao walikuwa Waislamu, na amri zilitolewa kwa Kiswahili. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, walilalamika kwamba serikali inaisambaza dini ya Mtume kwa mkono wake yenyewe. Dola ikajikuta inawaogopa watu wanaoilinda.

Woga huo ulilipuka mwaka 1908 kwa sababu ya karatasi. Ilikuwa barua iliyopita mkono kwa mkono kusini mwa pwani ya koloni hilohilo la Wajerumani, hasa Lindi, ikisimulia ndoto ya Sheikh Ahmad, mhudumu wa kaburi la Mtume huko Madina: Kiyama kimekaribia, watu watubu, na atakayeipokea aisambaze. Wanahistoria wamemtaja Rumaliza, wakati huo yuko Unguja, miongoni mwa waliohusika kuieneza. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa mwaka mmoja tu nyuma yake. Maofisa waliisoma barua hiyo, iliyokuja kuitwa “Barua ya Makka”, kama tangazo la uasi, wakakamata watu. Msomaji wa leo huenda anaijua. Vizazi vyake vilipita kwenye mashine za fotokopi, na sasa viko WhatsApp, pamoja na onyo kwa atakayekatiza mnyororo.

Mwaka huohuo ilifunguliwa Hamburg taasisi ya kuwafunza watumishi wa makoloni, na miongoni mwa walimu wake alikuwa Carl Heinrich Becker, mtaalamu wa Uislamu. Becker alishikilia kwamba Uislamu wa Afrika Mashariki si njama, na kwamba serikali inaweza kufanya kazi na Waislamu kama raia wengine. Katika Kongamano la Makoloni la Berlin mwaka 1910 aligongana na wanamisheni waliotaka serikali itambue “hatari ya Uislamu”. Mwaka 1913 vituo vya koloni zima vilipelekewa dodoso kuhusu kuenea kwa dini hiyo. Ofisa aliyeingia uani kwa mtu na karatasi ile alikuwa tayari ameshaambiwa atafute nini.

Wabelgiji, walioichukua Usumbura mwaka 1916, waliligeuza somo kuwa ramani. Wafanyabiashara, mafundi na wazao wa askari, waliotoka Ujiji, Manyema na kwingineko, walitengewa “Kijiji cha Waswahili”, ambacho leo ni Buyenzi. Mitaa yake ilinyooshwa kama mistari ya daftari na kupewa namba, hivyo mtu alipatikana upesi. Kisheria kilikuwa nje ya utawala wa machifu, kwa hiyo mkazi wake alizaliwa, akaoa na akazikwa akiwa mgeni. Mwisho wa ukoloni msomi wa Kibelgiji, Armand Abel, aliandika kitabu kizima juu ya Waislamu wa Maniema na Mkoa wa Mashariki wa Kongo. Nacho Kirundi kikapata neno lenye makali mawili: *umuswahili* ni Mwislamu wa mjini, na vilevile ni mjanja asiyeaminika.

Sifa hiyo haikumzuia Mwanamfalme Louis Rwagasore. Chama cha ushirika cha wafanyabiashara alichokianzisha mwaka 1957 kilipata wateja wake miongoni mwa wachuuzi Waswahili wa Usumbura, na wengi wao walimfuata ndani ya chama cha siasa cha UPRONA. Watawala wa Kibelgiji, ambao tayari walimshuku kuwa mkomunisti, walimweka kizuizini mwishoni mwa 1960.

Neno “ugaidi” lilifika baadaye sana, kutokea Mogadishu. Desemba 2007 Burundi ilipeleka kikosi katika AMISOM, jeshi la Umoja wa Afrika nchini Somalia, na Marekani ilikuwa kati ya waliokifunza. Februari 2009 shambulio la kujitoa mhanga kwenye kambi ya Warundi liliua wanajeshi 11. Wapiganaji wa Kisomali wa al-Shabaab walipolipua Kampala tarehe 11 Julai 2010 na kuua zaidi ya watu 70, waliitaja Burundi kuwa inafuata. Mwaka huo Bujumbura iliunda kitengo cha kupambana na ugaidi kutoka polisi, jeshi na idara ya ujasusi.

Mwaka uliofuata ilijulikana makachero wa Marekani walikuwa wanafundishwa nini. Mwaka huo wa 2011 jarida la Wired lilichapisha slaidi za darasa la FBI huko Quantico, Virginia. Moja ilikuwa grafu ya mistari mitatu, ya wafuasi wa Taurati, Biblia na Kurani. Miwili ya kwanza ilipanda karne baada ya karne kuelekea amani. Wa tatu ulilala palepale. Mjini New York karibu polisi 1,500 walikuwa wameonyeshwa filamu iitwayo The Third Jihad, iliyowasawiri Waislamu wa nchi hiyo kama adui wa ndani. FBI ilipitia kurasa zaidi ya 160,000 za mafunzo, na mwaka 2012 ikaondoa kurasa 876 na maonyesho 392. Ni ubishi uleule wa Becker na wanamisheni, safari hii kwenye projekta.

Slaidi zile hazikuandikwa kwa ajili ya Warundi. Lakini Afrika Mashariki iliona hesabu ya namna hiyo ikifanya kazi. Aprili 2014, katika Operesheni Usalama Watch, polisi wa Kenya walisomba takriban watu 4,000, wengi wao Wasomali wa mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, na kuwapeleka kuchujwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani.

Burundi ilichukua mkondo mwingine. Kuanzia 2015, maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Nkurunziza yalipozuka, serikali ililihamishia neno “gaidi” kwa wapinzani wake wa kisiasa, Wakristo kwa Waislamu. Faili lilikuwa limebadili jina jaladani.

Buyenzi bado inaelekezana kwa namba za mitaa, na Kiswahili ndicho kinachotawala vibarazani. Agosti 2014, wabunge wa Kigobe walijadili hadhi ya lugha za taifa, wakakipa Kiingereza nafasi ya lugha rasmi kando ya Kirundi na Kifaransa. Kiswahili, ambacho kwacho serikali ya kwanza ya boma la Usumbura ilitoa amri zake, kiliachiwa shule.